Uwanja wa Wasomaji: Bata mzinga wa Chattanooga na makombe yetu ya mtaani

Toleo lililopita tulimtaja kwa aya moja tu Joe Engel, promota wa Marekani aliyeiweka hai besiboli ya mji mdogo wa Chattanooga wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Barua zimemiminika, nyingi kutoka Malindi na visiwa vya Lamu, na chache mno zauliza besiboli. Wengi wauliza makombe yao wenyewe: kwa nini yanaanza kwa shangwe na kufa kabla ya nusu fainali. Tumejibu tulizoona zina faida kwa wengi.

SWALI: Mhariri, salamu. Mlisema huyo Engel alimtoa mchezaji akapewa bata mzinga. Ni kweli au ni porojo za magazeti? Na mtu wa vituko namna hiyo atatufaa nini sisi wenye mipira miwili na kiwanja kilichojaa mbigili? (Msomaji, Barani, Malindi)

JIBU: Ni kweli. Engel alikuwa mrushaji wa Washington Senators, kisha akawa msaka vipaji wao. Mwaka 1929 mmiliki wa timu hiyo, Clark Griffith, akamkabidhi timu ndogo ya Chattanooga, jimbo la Tennessee, iitwayo Lookouts. Mwaka uliofuata kikafunguliwa kiwanja kipya kilichopewa jina lake, Engel Stadium, chenye nafasi ya watu kama 12,000. Hesabu ya wakati ule ilikuwa mbaya: viti vipya vimewekwa, na watu wa kuvikalia wamefutwa kazi.

Mwaka 1931 alimpeleka mchezaji wake Johnny Jones kwa timu ya Charlotte, akapokea bata mzinga wa ratili 25, yaani kilo 11 na ushei. Akampika, akawaalika waandishi wa michezo waliokuwa wakimchamba magazetini. Mwaka huohuo, tarehe 2 Aprili, alimpandisha msichana wa miaka 17, Jackie Mitchell, arushe mpira dhidi ya New York Yankees katika mechi ya kirafiki. Msichana akawatoa Babe Ruth na Lou Gehrig, nyota wakubwa wa timu hiyo, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeupiga mpira ukaenda. Mpaka leo watu wabishana kama wale wakubwa walikuwa wakicheza kweli au wakifanya maigizo. Na mwaka 1936 alitoa nyumba nzima kuwa zawadi kwa mtazamaji mmoja. Waliofika walipita 24,000, maradufu ya uwezo wa kiwanja.

Sasa usiige vituko, tazama vilivyoshonwa. Yankees hawakuitwa kutoka New York. Walikuwa safarini kurudi kaskazini kutoka mazoezi ya kabla ya msimu, naye akawadaka njiani. Bata mzinga alikuwa chakula cha watu wanaoandika habari. Nyumba ilitolewa wakati ambao watu walikuwa wakipoteza nyumba. Alichukua kilichokuwa kikipita, akawalisha wenye kueneza habari, na zawadi yake ikagusa haja iliyokuwa vifuani mwa watu.

Malindi kinachopita kipo. Mwezi wa Juni na Julai, msimu wa ligi kuu ukiisha, wachezaji waliozaliwa huku hurudi nyumbani kwa mapumziko. Usimwombe acheze dakika 90, maana klabu yake itakataa na ina haki, akiumia ni hasara yao. Mwombe apige mpira wa kuanzia, akae na makipa wadogo dakika 20, atoe kombe, aondoke. Watu wa redio nao hawahitaji bata. Wanahitaji matokeo kabla ya saa kumi na mbili unusu jioni ileile: mabao, wafungaji, mechi ijayo, kwa ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja. Kamati nyingi hutuma Jumatatu mchana, picha tisa na majina hakuna, kisha wanalalamika kwamba redio inawadharau.

Kosa kubwa la wanaomwiga Engel ni kufanya kishindo siku ya kwanza na wiki ya pili hakuna mechi. Mbio za sakafuni hizo. Yeye alikuwa na ratiba ya msimu mzima nyuma ya kila kituko.

SWALI: Basi nasi tuchezeshe bahati nasibu ya pikipiki mlangoni? (Mweka hazina wa timu, Muyeye)

JIBU: Hapana. Bahati nasibu ya kuuza tiketi inataka leseni ya serikali, na hata ukiipata, nusu ya mtaa wako wataiona kamari na hawatakanyaga. Weka zawadi ya ustadi isiyolipiwa chochote. Wakati wa mapumziko watazamaji watano wapige mpira mmoja mmoja kutoka mstari wa boksi kubwa, atakayegonga mwamba wa juu achukue gunia la unga au gesi ya kupikia. Majina yaandikwe kabla mechi haijaanza, ama sivyo mapumziko yataliwa na ugomvi wa nani alitangulia.

SWALI: Mhariri, tunaandaa kombe kila Jumamosi na watazamaji hawafiki 30. Vijana wote wamejazana vibandani kutazama ligi ya Uingereza. Tufanyeje? (Mwenyekiti wa kamati, Kisumu Ndogo, Malindi)

JIBU: Ugonjwa wako ndio uliokaribia kuimaliza besiboli ya miji midogo. Mwaka 1949 Marekani ilikuwa na ligi ndogo 59, na watazamaji karibu milioni 40 kwa mwaka. Televisheni ilipoingia majumbani na kuleta mechi za timu kubwa, ligi hizo zikaanza kufa moja moja, na kufika 1960 zilikuwa zimepungua chini ya nusu. Wewe badilisha saa na siku badala ya kuvimbiana na televisheni.

Tazama saa yenyewe. Mechi ya mapema ya Jumamosi kule huanza hapa kwetu saa tisa unusu alasiri wakati wa baridi yao, na saa nane unusu wakati wa joto lao. Zile nyingi za pamoja huanza saa kumi na mbili jioni, au saa kumi na moja. Wao hugeuza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo ratiba yako ya Septemba haifai Novemba. Kati ya mechi ya kwanza na za pili kuna nusu saa tu. Jumamosi alasiri, basi, imekwenda. Iache.

Siku yako ni Ijumaa. Mji umetulia baada ya swala, na Uingereza ikicheza Ijumaa huwa ni usiku wetu. Anza saa kumi na robo, baada ya alasiri kuswaliwa. Dakika 90, mapumziko 15, na za majeruhi zikufikishe saa kumi na mbili na dakika tano au kumi. Magharibi ya Malindi huwa kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, kutegemea mwezi. Novemba jua huwahi, Februari huchelewa. Ukianza saa kumi na moja kasorobo kwa sababu refa amechelewa, utamaliza gizani au utakata mechi, na mechi iliyokatwa ndiyo mama wa fujo. Hatua za mtoano zisiwe na muda wa nyongeza. Sare, penalti.

Jumapili asubuhi inawezekana kwa mtaa wa Waislamu watupu, lakini Malindi timu zimechanganyika, na saa tatu nusu ya mabeki wako wako kanisani. Kwa wafanyakazi wa hoteli weka mechi zao asubuhi katikati ya wiki, kabla ya zamu ya mchana. Bill Veeck, mmiliki wa timu ya besiboli, alifanya hivyo katika mji wa Milwaukee, Marekani, wakati wa vita vya pili vya dunia: wafanyakazi wa zamu ya usiku wa viwandani wakichezewa mechi asubuhi na kupewa kifungua kinywa uwanjani. Kwenu, sufuria ya chai na mahamri yatosha.

Na mwenye kibanda si adui. Mwendee. Fainali yako ikichezwa siku ambayo ana mechi kubwa usiku, umati wote unatoka uwanjani ukaingia kwake. Akuchangie nyavu na tangazo ukutani mwake kwa mwezi mzima.

SWALI: Ligi yetu ina timu kumi. Ikifika katikati, zilizo mkiani zinaacha kuja na waliobaki wanagombania pointi za bure. Tumejaribu faini, hawalipi. (Katibu wa ligi, Ganda)

JIBU: Faini ya kumdai mtu aliyekwisha kukukimbia hailipwi. Chukua dhamana mwanzo, tuseme shilingi 3,000 kwa timu, irudi yote siku ya fainali kwa aliyecheza mechi zote. Asipotokea mara moja anapoteza 1,000. Mara ya tatu ameondoka mwenyewe. Andika pia mapema: timu ikijitoa kabla ya kucheza nusu ya mechi zake, matokeo yake yote hufutwa. Ikijitoa baada ya nusu, waliobaki hupewa mabao mawili kwa bila. Bila kifungu hicho utagombana na kila mtu aliyeshinda na aliyeshindwa.

Lakini dhamana ni kigingi tu, na timu haikai uwanjani kwa sababu ya kigingi. Inakaa kwa sababu bado ina kitu cha kutafuta. Mwaka 1933 Frank Shaughnessy, meneja wa Montreal, aliishawishi ligi yake ya besiboli iache kumpa ubingwa aliye juu ya jedwali pekee. Timu nne za juu ziingie mchujo. Mara moja timu ya tano na ya sita zikawa na sababu ya kupigana hadi wiki ya mwisho, na ligi nyingine zikafuata. Kuna bei yake. Mwaka huohuo wa kwanza, Buffalo, iliyomaliza ya nne ikiwa imeshindwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda, ndiyo iliyochukua kikombe. Wa kwanza wakanuna. Sisi tungewapa wa kwanza zawadi yao ya pesa kabla ya mchujo, ili jasho la msimu lisipotee kwa penalti moja.

Halafu, kumi ni wengi kwa kiwanja kimoja. Timu 10 zikikutana mara moja moja ni mechi 45. Ukicheza tatu kwa wiki, ni wiki 15. Timu 8 ni mechi 28, ambazo ni wiki 10, kisha wa kwanza na wa nne, wa pili na wa tatu, mshindi wa tatu, fainali. Ukianza wiki ya kwanza ya Julai, masika yameshapita na ardhi imekauka, unamaliza kabla vuli haijaanza. Na tazama mwandamo kabla hujapanga lolote, kwani Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka.

SWALI: Kiwanja chetu hakina ukuta. Kiingilio hatuwezi kukusanya. Pesa itoke wapi? (Kamati ya vijana, Maweni)

JIBU: Anza na hesabu ambayo kamati nyingi hazipendi kuiandika. Timu 8 zikilipa 5,000 kila moja ni 40,000. Mechi 28 za ligi na 4 za mwisho ni 32. Refa na wasaidizi wake wawili wakipata 1,500 kwa mechi, ni 48,000. Umeshaingia deni la 8,000, mpira hujanunua, chokaa hujanunua, na bango linasema mshindi atapata 50,000. Hapo ndipo makombe yanapokufa: zawadi imetangazwa juu ya ada ambazo haziwatoshi hata marefa. Ada za timu ziwe za marefa, basi. Zawadi itoke kwingine, na itangazwe ikiwa tayari mkononi.

Bila ukuta, usiuze kiingilio, uza kivuli. Alasiri ya saa kumi jua la magharibi linapiga macho. Funga turubai upande wa magharibi wa kiwanja, watazamaji wakae jua likiwa mgongoni, panga viti 60 vya plastiki, kiti shilingi 50. Wasimamao ni bure. Watu watalalamika wiki mbili, ya tatu wazee watakuja mapema kuwahi viti. Wauzaji wa viazi karai, mabuyu, achari, madafu na kahawa walipe 100 kwa meza, na kamati isiuze chakula chochote yenyewe. Ukishindana nao hawarudi, na mechi bila harufu ya viazi haina watoto, na bila watoto mama zao hawaji.

Spika zizimwe adhana ikitolewa. Hilo si la kujadili, na ukilisahau mara moja, barua itakayofuata kutoka kwa mzee wa mtaa ni ya kukufungia kiwanja.

Upande wa michango, kuna mfano wa Rochester, jimbo la New York. Timu ya besiboli ya mji huo ilikuwa mali ya St. Louis Cardinals, na wenyewe walipotaka kuachana nayo, mfanyabiashara wa mjini, Morrie Silver, akaongoza kampeni ya kuuza hisa kwa wananchi, dola 10 hisa moja. Mwaka 1957 wenye hisa 8,222 wakainunua timu pamoja na kiwanja. Kiwanja baadaye kikaitwa kwa jina lake, na timu iko hadi leo. Kilichomfaa Silver ni ule udogo wa bei. Hata kinyozi angeweza kununua, na mtu mwenye hisa moja huja uwanjani kutazama mali yake.

Ninyi msiite hisa, maana neno hilo linawaingiza katika sheria za kampuni au ushirika. Iteni kadi ya uanachama, shilingi 200 kwa msimu, yenye nambari na jina. Sajilini kikundi kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Sheria ya vikundi ya 2022 inataka watu wasiopungua 10. Mkitaka kuwa klabu kamili, nendeni kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Pesa ziingie M-Pesa ya kikundi. Zikiingia simu ya mwenyekiti, hata akiwa mcha Mungu, siku simu itakapoibwa ataitwa mwizi yeye. Mapato na matumizi ya kila wiki yabandikwe kwenye karatasi moja pale viti vinapolipiwa.

SWALI: Twatoka Faza kuja Amu (mji wa Lamu) kucheza. Msimu uliopita mashua ilikwama mara mbili wakati wa kurudi, tukalala majini. Timu zadai ni uzembe wa nahodha. (Kocha, kisiwa cha Pate)

JIBU: Kocha, nahodha hana kosa, ratiba ndiyo iliyopangwa na mtu asiyetazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mpya, maji hujaa kati ya saa kumi na kumi na moja jioni, na kupwa kati ya saa nne na tano asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi nusu, ni kinyume: jioni ndiyo maji yametoka. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mechi ya saa kumi na robo inaisha saa kumi na mbili na kitu, wachezaji wanaoga, wanaswali, mnaondoka karibu saa moja usiku. Mnataka maji yawe yamejaa saa hiyo. Hesabu basi: siku ya pili hadi ya nne baada ya bamvua. Kwa kalenda ya Kiislamu ni takriban tarehe 1 hadi 3, na 16 hadi 18. Hizo za pili zina nafuu kidogo, hasa ya 16, kwani mwezi huchomoza usiku uleule, lakini msitegemee mwanga wake wakati wa kuondoka.

Hiyo ni hesabu ya kupangia. Siku yenyewe tazameni jedwali la maji na mumsikilize nahodha, na akisema hapana, ni hapana. Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, bahari ya nje huchafuka na mashua hutaka kupita ndani, ambako kina ni kidogo, kwa hiyo kosa la saa moja lina bei kubwa zaidi.

Dawa nyingine ni kupunguza safari. Timu za besiboli hazisafiri kwa mechi moja. Hufika mji, zikacheza mechi tatu au nne mfululizo na mwenyeji yuleyule, ndipo zikaondoka. Fanyeni mbili: Ijumaa alasiri na Jumamosi asubuhi mapema, dhidi ya timu mbili tofauti za Amu, wageni wagawanywe majumbani wawili wawili. Mashua moja inakuwa imelipia mechi mbili. Hesabuni watu 18 pamoja na kocha, jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, na washabiki wapande chombo chao. Nafasi inayobaki si ya kujazwa.

SWALI: Mwezi wa Ramadhani twataka kucheza usiku baada ya tarawehe. Taa ngapi, na jenereta ya ukubwa gani? (Vijana wa Shela, Lamu)

JIBU: Wazo hili ndilo lililookoa besiboli ya miji midogo. J. L. Wilkinson wa Kansas City Monarchs, timu ya wachezaji weusi, alinunua taa za kubebwa na malori mwaka 1930 akazunguka nazo mji hadi mji. Ligi kubwa zilimfuata miaka mitano baadaye, Cincinnati, mwaka 1935. Sababu ni ileile yenu: mchana watu hawawezi kuja.

Chezeni watano kwa watano, kiwanja cha mita 40 kwa 20. Taa 8 za LED za wati 200, mbili kwa kila nguzo, nguzo 4. Nguzo za mvinje za mita 9 zafaa, chimbieni mita moja na nusu ardhini, zibaki saba na nusu. Msizisimamishe nyuma ya magoli, kipa atapofuka. Ziwe pembeni, mbili kila upande, kila moja mita 10 kutoka kona na mita 2 au 3 nje ya mstari. Taa zielekee chini kuelekea katikati, si moja kwa moja upande wa pili. Hapo mwanga unatosha kucheza na kuona mpira wa juu.

Taa zote ni wati 1,600. Jenereta ya kVA 3 inazibeba bila kunguruma kupita kiasi. Ya kVA 2 itawasha na kuzima katikati ya mechi. Washeni nguzo moja moja, si zote kwa mpigo. Kwa saa tatu wekeni lita 5 za petroli na msiongeze injini ikiwa moto. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5 wenye nyuzi tatu, pamoja na swichi inayokata umeme ukivuja. Shela ni mchanga, na mchanga mkavu hauupeleki umeme ardhini, kwa hiyo chuma cha ardhi kipigiliwe hadi kifike mchanga wenye unyevu, na mwagieni maji kabla ya kila mchezo. Viungo vya waya vining'inie, visilale chini, maana umande wa chumvi huvila kimyakimya. Mistari ya chokaa mchangani hufutika dakika ya kumi, kwa hiyo tandazeni ukanda wa nailoni na kuukaza kwa vigingi vya mbao vilivyozamishwa chini ya usawa wa mchanga. Mguu usikutane na kichwa cha kigingi.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Watoto wamesikia habari za besiboli wanataka kuicheza. Vifaa ni ghali? (Mwalimu wa shule ya msingi, Watamu)

JIBU: Besiboli kamili ni ghali, mwalimu: glavu kwa kila mlinzi, kofia ngumu, vifaa vya mdakaji, na vituo vya kukimbilia vilivyoachana mita 27.43 kwa wakubwa. Hata ya watoto inataka mita 18.29, na mpira mgumu wa gramu zaidi ya 140 unaoweza kuvunja meno. Anza na Baseball5, mchezo wa shirikisho la dunia la besiboli ulioingizwa katika Olimpiki ya vijana ya Dakar 2026. Hauna gongo wala glavu. Mpigaji anaurusha mpira wa raba mwenyewe na kuupiga kwa kiganja au ngumi, nao lazima udunde kwanza ndani ya uwanja. Wachezaji watano kila upande, wavulana kwa wasichana pamoja, awamu tano. Uwanja wa mraba wa mita 21, vituo vya mita 13, mpira wa tenisi waweza kuanzia. Watoto waliocheza raundaz wataushika kwa siku moja. Watakachokosea ni kuupiga juu kama voliboli. Wafundishe kuupiga chini, kati ya walinzi wawili.

SWALI: Hiyo mbigili mbona hamkuijibu? (Msomaji yuleyule wa Barani)

JIBU: Mvua ikinyesha, subiri wiki mbili au tatu hadi maua madogo ya njano yatokee, ung'oe kwa jembe na mzizi wake kabla mbegu hazijawa ngumu, na uchome nje ya kiwanja. Zilizokwisha kudondoka, buruta blanketi kuukuu au gunia la mkonge lililolowa, watu wawili mbele, jiwe juu yake, kutoka goli hadi goli. Miiba itanasa humo. Likung'utie motoni, rudia upande wa pili. Mbegu hukaa ardhini miaka, kwa hiyo mwaka wa kwanza utazipunguza tu, na mipira ijazwe asubuhi presha ya chini, baa 0.6 au 0.7, kwa kuwa ikikaa juani huvimba na nyuzi zikaachia hata bila mwiba.